Sauti Iliyotangulia

Mwangwi huja baada ya sauti. Lilian alilijua hilo, ndiyo maana alirudia kukisikiliza kile kipande mara tano, vidole vimebana spika za masikioni. Kwenye rekodi, mnong'ono ulisema, "Kona." Kisha ndipo sauti yake mwenyewe ikafuata: "K-k-k-kona."

Ilikuwa saa nane mchana, mtaani Mwisenge, na bati lilikuwa linalia kwa joto. Lilian alikuwa ndio kwanza ametoka kabatini, blauzi imemganda mgongoni. Alirekodia humo, katikati ya magauni ya dada yake Esta, kwa sababu bodaboda za barabarani zilikuwa zimemharibia kila video. Kabati lenyewe lilikuwa la mtumba. Esta alilinunua Kabasa, kule Bunda, kwa mama mmoja aliyekuwa anahama.

Lilian alikuwa na miaka ishirini na mitatu, na kigugumizi alikuwa nacho tangu anaanza kuongea. Alipoenda kuomba kazi dukani, alishindwa kutaja jina lake, na bosi akamsukumia karatasi huku anacheka. Lakini kwenye gemu ya mpira ya simu, vidole vyake havikuwa na kigugumizi. Alicheza kuliko vijana wote wa mtaani. Akafungua chaneli, akawa anacheza na kutangaza. Baada ya video kumi na moja, mtu mmoja alimwandikia: "Dada, cheza tu, usiongee."

Alilia siku nzima. Kesho yake akanunua daftari, akaanza kusikiliza rekodi zake mwenyewe na kuandika makosa. *Umenyamaza baada ya goli. Umesema "yaani" mara thelathini. Usitaje tu pasi, eleza kwa nini umeipiga.* Ni katika kusikiliza huko ndipo alipousikia ule mnong'ono.

Aliogopa, ndiyo. Lakini siku iliyofuata alirudi kabatini akafunga mlango. Mpira ulipofika kwenye boksi, ulimi ukakwama kama kawaida, na pembeni ya sikio lake kitu kikasema taratibu, "Penalti."

"Penalti," akasema Lilian. Neno lilitoka zima.

Akalifuata la pili, la tatu, na hadi filimbi ya mwisho alikuwa ametangaza mechi nzima bila kukwama hata mara moja.

Video ile ilitazamwa kuliko zile kumi na moja kwa pamoja. Watu waliandika kwamba wamecheka, kwamba dada huyu ametoka wapi, kwamba alete nyingine. Alimpigia mama yake kule Nyegina, akamsimulia habari za video kwa pumzi moja, na mama upande wa pili akaanza kulia. "Mwanangu," alisema hatimaye, "leo ndio nimesikia sauti yako."

Wiki mbili zilipita hivyo, mnong'ono ukimfuata hata nje ya kabati. Kabatini palianza kunuka dagaa walionyeshewa na mvua wakiwa wameanikwa, lakini Lilian alifukiza udi kidogo akaendelea.

Esta ndiye aliyeona kwanza. Alikuwa na genge la mboga, na mumewe Paschal alikuwa migodini. Mtoto wao Recho, wa miaka minne, alishinda nyumbani na Lilian. Recho alikuwa mtoto wa maneno. Aliongea na kuku, na beseni, na mkono wake mwenyewe. Lilian aliporekodi, mtoto alikaa sakafuni nje ya mlango wa kabati.

"Lilian, mtoto anaumwa?" Esta aliuliza jioni moja. "Mbona haongei?"

"Atakuwa amechoka tu, dada," akajibu Lilian, neno baada ya neno, kama maji.

Siku ya tatu baada ya hapo Recho alianza kukwama. "M-m-m..." alisema akionyesha kikombe, na macho yakamtoka kwa mshangao. Siku ya tano hakukuwa na hata hiyo *m*. Alicheka bila sauti. Alianguka kibarazani akapasuka goti, akafungua kinywa chake chote kulia, na hakikutoka kitu.

Lilian alikimbia kumwinua akitaka kusema *pole mwanangu*. Mnong'ono ulimtangulia, na kinywa chake kikasema kile kilichopewa: "Njoo kabatini."

Alijiziba mdomo kwa viganja viwili. Alitaka kumwita Esta, neno halikuja. Alitaka kusema *Yesu*, halikuja. Na hapo, katikati ya mchana mweupe, kuku wakidonoa mlangoni na redio ya jirani ikipiga kwaya, alielewa kwamba hakuwa amebakiwa na neno lake hata moja, kwamba kila alichokisema kwa wiki zote zile alikuwa anakipokea, na kwamba aliyekuwa anatoa alikuwa amekaa sakafuni mbele yake akivuja damu gotini.

Akamwandikia Esta kila kitu kwenye lile daftari.

Esta alisoma amesimama. Alitafuta kwenye simu namba ya Hilda, binti wa yule mama wa Kabasa, kwa sababu siku ya kununua kabati binti ndiye aliyeongea, huku mama akitikisa kichwa tu.

"Hilda, niambie ukweli. Mama yako ana nini?"

Hilda akanong'ona, "Mama alikuwaga mwimbaji wa kwaya. Alikuwaga anafanya mazoezi humo ndani, asituamshe. Sauti ikawa nzuri, dada, watu wanalia kanisani. Halafu mdogo wangu akanyamaza. Mama Kwangu, mganga wa Butiama, ndiye aliyemrudisha mdogo wangu. Mama mwenyewe hajaongea mpaka leo. Tulijua jambo limekwisha, ndio tukauza. Nisameheni."

Asubuhi walikuwa Butiama. Mama Kwangu alikuwa jikoni anamenya mihogo, rozari shingoni, na hakuacha kumenya walipokuwa wanamweleza.

"Mtoto anakula?"

"Anakula, mama."

"Anacheka?"

"Bila sauti."

"Basi hajaenda mbali." Akaweka kisu chini, akamtazama Lilian. "Hilo jini halina maneno. Linachukua kwa huyu linampa huyu, na kila likipitisha linabaki na kidogo. Wewe ndiye mlango wake. Utaingia humo utangaze mechi moja nzima kwa kinywa chako. Ukipewa neno, usilipokee. Tafuta jingine. Mwisho useme wewe ni nani."

Esta akauliza kwa sauti ndogo, "Na yule mama wa Bunda?"

"Alipokea moja. Moja tu, karibu na mwisho."

Saa nane mchana, wakiwa wamerudi naye Mwisenge, Lilian aliingia kabatini. Nje Mama Kwangu alikaa na Recho mapajani, kiganja chake kimebana mlango, kizinga cha moto kikifukiza majani miguuni. Harufu ya dagaa waliooza ilimpiga Lilian usoni kama kitambaa kilicholowa. Akaanza mechi.

"Pasi," likasema sikioni.

Alitikisa kichwa. "A-a-ame... ametoa m-mpira."

"Kona."

"U-u-umetoka n-nje, p-p-pembeni."

Kila neno jepesi lilikuwa limeshatangulia, limewekwa tayari mdomoni mwake, tamu, halina kazi, na kila mara alilitema na kwenda kutafuta jingine mbali zaidi, taya likimuuma, jasho likimwingia machoni hata akawa haoni kioo cha simu, wapinzani wakamfunga goli la kwanza na la pili na la tatu, na yule aliyekuwa naye gizani akaacha kunong'ona akaanza kupumua, akasogea, magauni ya Esta yakijaa kama yamevaliwa, mkono wa gauni moja ukimlalia begani, kisha ikaja sauti aliyokuwa ameililia siku zote zile, sauti ya Recho, safi kabisa, ikisema, "Mamdogo, nifungulie. Sema *njoo*. Sema tu *njoo*."

Lilian aliuma ulimi mpaka akaonja damu. Filimbi ya mwisho ikalia.

"Sasa sema!" Mama Kwangu aliita kutoka nje. "Wewe ni nani?"

"Lilian," likasema sikioni, haraka, kabla yake.

Akabaki amefungua kinywa. Jina halina jingine la kulibadilisha. Alitafuta. Kupumua kule kulikuwa shingoni mwake sasa, kunangoja kwa uhakika. Nje kabisa, kupitia mbao, alisikia kisigino kidogo kikigonga sakafu.

"M-m-m..." Akavuta pumzi. "M-m-mam... mamdogo. Mamdogo w-w-wa R-Recho."

Kabati lilitikisika mara moja. Magauni yote yakalegea. Nje, mtoto akapiga ukelele mrefu, wa goti la jana, na Esta akaanza kulia pamoja naye.

Jioni ile ile walilivunja kabati kwa shoka, na Mama Kwangu akasimama hapo mpaka mbao zikawa majivu. Zile video zote nzuri zilinyamaza. Zilionekana, mpira ulitembea, mashabiki wa gemu walishangilia, lakini mtangazaji hakuwepo. Watu waliuliza kulikoni, wakangoja, wakaondoka. Mama yake alipiga simu kutoka Nyegina, akasikia binti yake akihangaika na *shikamoo*, akaelewa kwamba ile sauti imekwenda.

Wiki tatu baadaye Lilian alikaa kibarazani, bodaboda zikipita, akarekodi mechi ya kwanza. Katikati ya mechi alisita akafuta uso. Recho alikuwa ameegemea goti lake.

"Mamdogo, unalia nini?"

Lilian alifungua kinywa kumjibu. Neno la kwanza lilichukua muda mrefu sana, na mtoto alingoja.