Mkono Mfukoni, Kikanisa cha Tatu

"Kumi na sita, kumi na saba... kumi na nane."

Nyuki akahesabu upya. Langoni alikuwa amepokea wageni kumi na saba, kutoka parokia mbalimbali.

Kijasho chembamba kikamtoka. Jasusi huyu, aliyevaa beji ya mwongoza watalii, aliwahi kuruka kutoka kwenye helikopta bila kupepesa jicho. Leo alihesabu mara ya tatu.

Kifaa kikakoroma sikioni. "Nyuki, wasafirisha silaha wametuma muuaji. Yumo kundini mwako."

"Yupi?"

"Hatujui."

Mbele, kando ya mawaridi, bibi mmoja alikuwa akicheka na wanakwaya wenzake. Karani mstaafu wa forodha. Kesho angewataja wasafirishaji hao mahakamani. Alikataa katakata kufichwa. Aliahidi kuzuru vikanisa hivi vya kale, na amekuja.

"Mwanangu, mbona umesawijika?"

"Jua tu, bibi."

"Jua gani, nasi tuko kivulini?"

Wakaingia kikanisa cha tatu, mmoja mmoja, wakichovya vidole kwenye maji ya baraka mlangoni. Paji la uso, kifua, bega, bega. Wote kwa mkono wa kulia.

Isipokuwa mtu wa koti la kijivu.

Alijipiga ishara ya msalaba kwa mkono wa kushoto. Wa kulia haukutoka mfukoni.

Bastola ya Nyuki ilikuwa kwapani, lakini kufyatua risasi humu, katikati ya wazee?

Koti la kijivu likasogea nyuma ya bibi. Hatua tatu. Mbili.

Nyuki akajipenyeza katikati yao.

"Wapendwa!" Alinyoosha mikono. "Tushikane mikono, tusali Baba Yetu."

Mtu yule hakutikisika. Mama mmoja mnene akamkodolea macho. "Toa mkono, baba, hatung'ati!"

Watu wakacheka, wakamgeukia.

Mkono ukatoka. Mtupu.

Nyuki akaudaka. Pete yake ikachoma: sindano nyembamba, dawa ya kulaza farasi. Walipofika "utusamehe makosa yetu," bwana alikuwa hoi kwenye benchi. Nyuki akaichomoa bastola mfukoni mwa koti la kijivu, akaifunika kwa ramani.

"Kazidiwa na usingizi," aliwaambia. Kisha, kwa kunong'ona, "Kituo, njooni mchukue mzigo wenu."

"Safi. Ila alikuja na mwenzake. Bado tunamsaka."

Nyuki akavaa miwani ya jua, akampa bibi mkono.

"Vikanisa viwili vimebaki," bibi alilalamika.

"Kesho, bibi. Ukishatoa ushahidi."

Wakatembea taratibu kuelekea kwenye basi.

"Ulinibana vidole kule ndani. Ulikuwa unatetemeka."

"Nilikuwa naogopa, bibi."

"Mimi naogopa tangu juzi. Nipitie saa mbili asubuhi. Usichelewe."