Sanduku la Picha za Bwana Rangi

Jumanne, tarehe 14 Mei 1957. Hiyo ndiyo siku mambo yalipoharibika. Si kwamba kabla yake yalikuwa mazuri. Yalikuwa mabaya, ila yalikuwa yanavumilika, kama jino bovu ambalo bado halijakunyima usingizi.

ASUBUHI

Wanaume wanne walikaa ndani ya ghala la ngozi, nyuma ya maduka ya Garsen. Ngozi za ng'ombe zilipangwa mpaka paani. Harufu yake ilikuwa mlinzi tosha. Askari hawezi kukaa mahali kama pale akasikiliza maneno ya watu.

Aliyewaita ni Buya, Mpokomo wa Hewani, mtu wa mtumbwi. Hakuwa jambazi. Mpaka mwezi wa nne alikuwa mume wa mtu.

"Lori linatoka bomani kabla ya adhuhuri," alisema. "Litavuka kwa kivuko. Nyuma lina sanduku la mbao, limesimama kama kabati. Tunalitaka hilo."

"Ndani mna nini?" aliuliza Duba. Huyu Muorma alikuwa mchuuzi wa ngozi, na ghala lilikuwa lake.

"Picha."

Duba alimtazama, kisha akawatazama wengine. "Picha? Mimi nilisema labda bunduki. Mnaniita kuiba karatasi?"

"Si karatasi, ni turubai. Zimepakwa rangi ya mafuta."

Chengo alicheka. Huyu Mgiriama alikuwa dereva zamani, na sasa alikuwa ametoka jela majuzi tu. "Muorma wewe, kuna mwenye hoteli Malindi anazililia. Mzungu anapenda kuuona mto ukutani."

"Mto si huu hapa? Bure."

"Ndiyo maana wewe unauza ngozi na yeye ana hoteli."

Wa nne alikuwa Jairus, mvuta kamba wa kivuko. Hakucheka. Alikuwa anatafuna kucha.

"Nyinyi chukueni zote," Buya alisema. "Uzeni, chomeni, mjifunike. Mimi nataka moja. Ile ya kivuko."

Hakuna aliyeuliza kwa nini. Garsen yote ilijua.

Mchoraji wa picha hizo aliitwa na watu Bwana Rangi. Kazi aliyoletewa na serikali ilikuwa barabara na kivuko. Barabara zilikuwa mashimo matupu, lakini Bwana Rangi kila alasiri alikuwa kwenye kiti chake, na mwavuli wake, anapaka. Alichora kanisa la Ngao. Alichora msitu wa Hewani. Alichora viboko, wakatoka kama viazi vyenye macho. Watu walicheka pembeni. Wakubwa wenzake wakamsifu, kwa hiyo akaendelea. Sasa picha zilikuwa zinapelekwa Nairobi zikaonyeshwe.

Mwezi wa nne, mto ulipoanza kujaa, Buya alimleta mkewe Hulda kivukoni. Mtoto alikuwa amekataa kutoka. Hospitali iko Ngao, na maji yako katikati. Kivuko kilikuwa kimesimama mtoni, kitupu, hakiji wala hakiendi. Bwana Rangi alikuwa anakichora. Alikuwa ameamuru kisiguswe mpaka amalize, kwa sababu jua lilikuwa limekaa vizuri. Askari walifukuza hata mitumbwi, isije ikamharibia maji. Sasa wewe fikiri. Mto tuliopewa na Mungu, na mtu mmoja anasema maji yasiguswe, na yasiguswe kweli.

Hulda aliketi chini, akaegemea gunia la mpunga. Kivuko kilipokuja kuwachukua watu, yeye hakuwa na haja nacho tena.

Baada ya maziko Jairus alikwenda kupeleka kuni nyumbani kwa bwana, akaziona picha zimetundikwa barazani. Alikuja Hewani mbio. "Yumo, kaka. Ukingoni, na leso yake ya manjano. Uso ni wake kabisa. Viboko wamemshinda, lakini uso ule ameuweza."

Hulda hakuwahi kupigwa picha maishani mwake. Na Buya alikuwa ameanza kusahau. Sauti aliikumbuka, mkono aliukumbuka, lakini uso ulikuwa unamtoka kidogo kidogo, kama kingo za mto wakati wa gharika. Alikwenda kwa Bwana Rangi na kuku mkononi. Akaomba kwa adabu. Bwana alisema ile ndiyo nzuri kuliko zote, haitoki. Askari mmoja, Mahadi, akamshika Buya mkono mpaka nje ya ua. Kuku alibaki.

"Haya," Chengo alisema. "Tunafanyaje?"

Buya aliweka kopo tupu sakafuni. "Hiki kivuko. Jairus anakwamisha kapi la kamba katikati ya mto. Kikikwama, ada mnaijua."

Waliijua. Kivuko cha Garsen kinavutwa kwa mikono. Kikikwama hapana mgeni wala mwenyeji. Dereva, askari, mwenye mbuzi, wote wanakwenda upande wa juu kushika kamba na kuimba. Asiyevuta anatukanwa mpaka ng'ambo.

"Lori litaficha upande wa chini. Maji ya nyuma ya kivuko yametulia. Mimi na Chengo tutaingia hapo na mtumbwi. Duba anatungoja na punda kwenye kijito, nyuma ya migomba."

"Na mimi?" Jairus aliuliza. "Nyinyi mtaondoka. Mimi nitabaki pale pale na bwana."

"Wewe utavuta kamba kama siku zote."

"Kama siku zote," Jairus alirudia. Alikuwa amevuta kamba ile miaka, na kila nyapara alipokufa waliletewa nyapara kutoka mbali. Alitema ukucha. "Sawa, kaka."

KABLA YA ADHUHURI

Mto ulikuwa mwekundu na mnene. Magogo yalipita yakizunguka. Buya alishikilia mtumbwi chini ya matawi, kafi ndani ya maji, bila sauti. Chengo alikuwa amejikunja mbele, anaomba kwa Kigiriama.

"Huogopi mamba?" alinong'ona.

"Mamba hana amri juu yangu."

Kivuko kilitoka. Lori juu yake, dereva, Mahadi na bunduki yake, wanawake wawili na mbuzi. Wavuta kamba wakaimba. Katikati ya mto kapi likalia, ngwii, likakaa kimya.

"Kamba!" Jairus alipiga kelele. "Imekwama! Kila mtu juu! Askari, hata wewe! Weka hiyo bunduki, bwana, mto hauogopi bunduki!"

Watu wakacheka. Mahadi akaweka bunduki ndani ya lori. Wakashika kamba, wakaanza wimbo upya.

Buya alikata maji. Mtumbwi ukashuka kama mshale, akaugeuza, ukaingia nyuma ya kivuko palipotulia. Chengo alipanda. Alikata kamba za turubai ya lori. Sanduku likaonekana. Lilikuwa jepesi kuliko ukubwa wake, na lilinuka mafuta kama gereji.

"Limeandikwa Kizungu," Chengo alisema.

"Nini?"

"Najua mimi? Shusha!"

Walilishusha. Nusu yake ikakaa mtumbwini, nusu ikaning'inia. Upande wa pili wimbo ukapanda, Jairus akiwahimiza kwa makusudi. Buya alisukuma kwa mguu. Mto ukawachukua.

Hakuna risasi. Hakuna kelele. Chengo alianza kucheka peke yake, akashindwa kujizuia.

"Nyamaza," Buya alisema.

ADHUHURI

Duba aliliona sanduku akashika kiuno.

"Hii ni nyumba. Punda wangu abebe nyumba?"

"Libebe hivyo hivyo," Chengo alisema.

"Funga mgongoni kwako basi, mimi niende na punda mtupu."

Walilivunja. Ndani picha zilikuwa zimesimama moja moja kwenye vijinjia vya mbao, hakuna inayomgusa mwenzake. Kama sahani za harusi. Wangejiuliza kwa nini mtu ajisumbue hivyo. Hawakujiuliza. Mtu anayekimbia haulizi, na hapakuwa na mtu aliyewahi kuwaeleza jambo lolote la rangi isipokuwa ya mlango.

Chengo aligusa moja kwa kidole. "Kavu. Rangi ya mlango inakauka siku moja. Hizi zina wiki na wiki."

Buya alikuwa anaitafuta ile yake. Akaiona. Kivuko, maji yanang'aa, na ukingoni manjano ya leso. Akainyanyua.

"Baadaye," Duba alisema, akaichukua. "Wanatufuata, wewe unatazama. Lete."

Duba alifanya kazi aliyoijua. Alizing'oa picha kwenye fremu. Akazilaza mbili mbili, uso kwa uso, kama ngozi zinavyolazwa manyoya kwa manyoya ili zisikwaruzike. Akazikunja pamoja, akaweka goti juu, akavuta kamba ya ngozi mpaka fungu zima likalia. Hakuna mtu wa Tana aliyefunga ngozi vizuri kuliko Duba. Alitia fungu mgongoni mwa punda, juani.

Wakaingia nyika.

ALASIRI

Jua lilikuwa linapiga mpaka udongo unapasuka. Fungu lilianza kutoa harufu. Punda alikuwa anatikisa kichwa.

"Simama," Buya alisema.

"Hatusimami," Chengo alisema. "Tukifika barabarani nina mtu na gari."

"Nataka yangu sasa."

"Utaipata Malindi."

"Ulisema tutagawana nyikani."

"Nilisema. Lakini mwenye hoteli ameisikia habari ya hiyo ya kivuko. Hiyo ndiyo anayoitaka hasa." Chengo hakumtazama. "Atakulipa, mzee. Utaoa mwingine."

Buya alichomoa kisu. Alikata kamba ya Duba, fungu likaanguka chini.

"Kamba yangu!" Duba alilia.

Buya alipiga magoti, akaanza kuzikunjua. Hazikukunjuka. Zilikuwa zimeshikana. Alivuta polepole, kama mtu anayemvua mgonjwa nguo. Zikaachana kwa sauti ya kidonda kinachobanduliwa kitambaa.

Juu rangi ilikuwa kavu, kama utando wa maziwa. Chini ilikuwa mbichi. Jua la nyika na kamba ya Duba vilikuwa vimemaliza kazi.

Kivuko kilikuwa pale. Maji yalikuwa pale. Ukingoni, juu ya leso ya manjano, palikuwa na doa la turubai tupu.

Uso ulikuwa umehamia upande wa pili. Duba alikuwa ameilaza picha ile na picha ya ofisi ya boma, na sasa uso wa Hulda ulikuwa umebandikwa kwenye ukuta mweupe wa serikali, kichwa chini, jicho moja limevutika mpaka mlangoni. Buya alijaribu kuurudisha kwa kidole. Jicho likafutika.

"Mimi sikujua," Duba alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Ngozi haifanyi hivi. Haki ya Mungu, ngozi haifanyi hivi."

Wakati huo mbwa akabweka, upande wa mto.

Jairus alikuwa ameshasema. Hawakumpiga hata kofi. Bwana Rangi alipofika kivukoni alimwuliza tu kama anataka kuwa nyapara au anataka kwenda jela, na Jairus akaonyesha kijito, migomba, na njia ya punda. Watu wa juu wanajua kununua. Wanajua bei ya kila mtu, kwa sababu ni wao waliomfanya awe na bei.

"Inuka!" Chengo alipiga kelele. Alikusanya picha zilizobaki kifuani, akakimbia kuelekea bonde la majani lililojaa maji ya mafuriko. Risasi ikalia. Alianguka majini. Picha zikamtoka mikononi, zikaenda na maji: kanisa la Ngao, msitu wa Hewani, viboko wake wa viazi.

Duba alipanda punda. Alimtazama Buya mara moja. "Njoo."

Buya hakuinuka.

"Njoo, wewe! Ni rangi tu!"

Kisha na yeye akaenda, nyika ikammeza.

Mahadi alimkuta Buya amekaa vile vile, ameipindua picha ya boma juu chini ili Hulda asikae kichwa chini. Hakupigana. Mahadi alimfunga mikono, na alipomfunga alikuwa anatazama pembeni.

MAHAKAMANI, MWEZI WA SITA

Chengo walimzika Garsen. Duba hawakumpata. Jairus alikaa benchi la mashahidi na shati jipya la unyapara.

Picha mbili ziliwekwa mezani mbele ya hakimu. Bwana Rangi alieleza hasara yake. Alisema kazi ya mwaka mzima. Alisema picha ya kivuko haiwezi kurudiwa, maana jua kama lile halipatikani tena. Sauti yake ilitetemeka. Hakimu alimpa maji.

Buya alihukumiwa miaka saba. Akaulizwa kama ana neno.

Alisimama. Hakumtazama hakimu. Alimtazama Bwana Rangi, akamwuliza jambo kwa Kiswahili, taratibu, Kiswahili kile kile ambacho bwana alikitumia kuamuru kivuko kisimame. Mahadi, mlangoni, akainamisha kichwa.

"Anasema nini?" hakimu aliuliza.

Mkalimani alijifuta jasho. Alikuwa na watoto, alikuwa na kazi.

"Anaomba msamaha, bwana mkubwa."

Hakimu akaandika. Bwana Rangi alichukua kofia yake, akaigeuza, akaigeuza tena. Alikuwa amesikia. Walipomvuta Buya mlangoni aligeuka akauliza mara ya pili, kwa sauti ya juu, hata watu wa nje wakasikia:

"Umemchora vizuri, Bwana. Uso wote umeuona. Sasa niambie, ulipokuwa unampaka rangi, uliona kwamba anakufa?"