Shikamoo, Bibi

Jua lilikuwa linazama mwalimu alipokwenda stoo ya chuo kuomba ufunguo wa maabara ya zamani. Alifundisha uhariri wa filamu katika chuo hichohicho, na chumba kile kilikuwa chake miaka yote. Lakini tangu mdogo wake afariki hakuwa amekanyaga humo. Alihamia darasa la kawaida, chaki mkononi, akiwaeleza vijana namna ya kuhariri filamu kwa kompyuta ambazo hazimo darasani.

Na tuseme ukweli, hawakukosa kitu kikubwa. Kompyuta za chuo kile zilikuwa hoi bin taabani. Programu zake zilishaachwa na dunia nzima. Wanafunzi wakienda mazoezini kwenye vituo vya televisheni, walikaa mbele ya mashine mpya wametumbua macho, hawajui hata pa kubonyeza, na wenyeji wakawa wanawacheka. Kila mwaka mkuu wa chuo aliahidi mashine mpya. Kila mwaka ofisi yake ikapata zulia jipya.

Iliyokuwa kongwe kuliko zote ilikaa kwenye kona, karibu na dirisha. Wanafunzi waliiita Bibi. Bibi alikohoa kabla ya kuwaka, hakupenda kuharakishwa, na akinuna alizima na kazi yako yote tumboni. Basi ikazuka desturi: kabla hujabonyeza kitufe, unaweka kiganja juu yake unasema, "Shikamoo, Bibi." Ilianza kama utani, ikageuka sheria. Hata mwalimu aliamkia. Aliyejifanya msomi asiamkie, kazi yake ilipotea, na wenzake wakamwambia umeyataka mwenyewe.

Mdogo wake alikuwa mwanafunzi wa Bibi. Huyo ndiye kitinda mimba wa mama yao, mcheshi, mwenye sauti nzito isiyolingana na mwili wake mwembamba. Kwa mtihani wa mwisho alitengeneza filamu fupi kuhusu mama yao na cherehani yake, na maneno ya kusimulia aliyasoma mwenyewe. Siku aliyoimaliza aliiacha ipikwe. Hivyo ndivyo walivyosema wahariri pale, kupika, mashine inapochanganya picha na sauti ziwe kitu kimoja. Na kwa kuwa Bibi alipika polepole, kijana akatoka nje ya lango kununua maji ya kunywa. Gari likamgonga akivuka. Alikufa palepale, na simu yake ikasagika chini ya gurudumu. Simu ya mwalimu, dada yake, iliyokuwa na kila alichowahi kumtumia, iliibiwa msibani, katikati ya waombolezaji. Mwizi hana haya.

Mama yao hakuomba kaburi zuri. Hakuomba picha ya kutundika ukutani. Aliomba sauti.

"Sura yake naiona nikifumba macho," alimwambia binti yake. "Sauti ndiyo inanitoroka. Niletee sauti ya mwanangu niisikie, hata mara moja tu."

Haikuwepo popote isipokuwa kwa Bibi. Mafundi wa chuo walijaribu kuifungua filamu ile kwenye mashine nyingine, wakagonga mwamba. Programu iliyoitengeneza ilikuwa ya kale mno. Ilibidi mtu akae pale kwenye kona, kwenye kiti kilekile. Mwalimu kila siku alisema kesho, moyo ukakataa. Sasa asubuhi hiyo lilibandikwa tangazo kwamba mashine zote za zamani zingechukuliwa na lori kesho yake, zikavunjwe na kuuzwa kama vyuma chakavu. Kesho zilikuwa zimekwisha.

Mzee wa stoo alimpa ufunguo, lakini vidole vyake havikuuachia mara moja.

"Mwalimu, giza lisikukute humo."

"Kwani kuna nini?"

"Kile kibibi huwa kinawaka chenyewe." Alisema kwa sauti ya chini, akitazama pembeni. Mwalimu akajibu kwamba nyaya za jengo lile ni mbovu, kila mtu anajua. Mzee aliuachia ufunguo tu, akaingia ndani ya stoo yake.

Maabara ilinuka vumbi na plastiki ya zamani. Mashine zilikuwa zimekwisha kupangwa chini, vioo vimelala kifudifudi, vipaza sauti vimetupwa kwenye maboksi. Bibi peke yake alikuwa bado mezani. Mwalimu alibonyeza swichi ya taa. Hakuna. Akabonyeza nyingine. Hakuna. Alipoinama kuangalia chini ya meza aliona sababu: mafundi walishakata nyaya za umeme mchana ule, zimening'inia ukutani, ncha zimefungwa kwa utepe mweusi.

Alikuwa amechelewa.

Alikaa kwenye kile kiti alichokuwa akikikimbia, akalia. Alilia kwa sauti, bila kujificha, kama hakuwa ametoa chozi hata moja msibani. Angemwambia nini mama yake? Kwamba sauti ya mwanawe ilikuwa hapa muda wote, na yeye aliogopa kiti? Alipochoka aliinua mkono apanguse machozi, akajikuta ameuweka juu ya mashine. Mazoea yana taabu. Mdomo ukasema wenyewe.

"Shikamoo, Bibi."

Nje, mtu alikuwa akifagia mahali fulani, mbali.

Kisha...

"Marahaba."

Sauti ya mwanamke mzee sana. Imechoka. Haikutoka kwenye vipaza sauti, maana vipaza sauti vilikuwa kwenye boksi karibu na mlango.

Feni ikakohoa mara moja, mara ya pili, ikaanza kuzunguka.

Akili ilimwambia kimbia. Miguu nayo ilikuwa tayari, alishainuka nusu. Lakini alimwona mama yake kule nyumbani, amekaa karibu na mlango, ameacha kushona ili mlio wa cherehani usimzuie kusikia hatua zake. Akakaa tena. Akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Alikaa hivyohivyo.

Kioo kiliwaka polepole, rangi ya maziwa yaliyochacha. Filamu ikajifungua. Mikono ya mama ikaonekana, inapitisha kitambaa chini ya sindano, kidole cha shahada kikiwa na kovu lake. Picha zote zilikuwepo. Lakini pale chini, kwenye mstari wa sauti, palikuwa pekundu kutoka mwanzo hadi mwisho. Kila mhariri anaijua rangi ile: faili la sauti halipo, litafute. Alifungua kila folda ya mashine ile. Tupu. Tupu. Tupu.

Kwenye kioo maandishi yalibadilika, herufi moja baada ya nyingine, bila yeye kugusa kibodi.

*Lete sauti.*

Sasa, programu ile ya kale ilikuwa na ujinga wake, na wahariri wa pale waliujua. Faili likipotea, ulichukua jingine lolote, ukalipa jina la lile lililopotea, na mashine ikalipokea bila kuuliza ni la nani. Wanafunzi waliitumia sana njia hiyo siku za kukabidhi kazi. Mwalimu alikuwa na sauti moja tu simuni mwake. Alipopata simu mpya baada ya msiba, jambo la kwanza alimrekodi mama yake, kwani mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mama alicheka, akamuuliza kama amemwona anakufa, kisha akasimulia jinsi alivyojifunza kushona.

Aliwaza hivi: nikimpa hiyo, filamu itapikika. Angalau nitaondoka nayo, na huenda sauti ya mdogo wangu imejificha chini yake. Ni mawazo ya mtu aliyefiwa. Usimcheke.

Aliunganisha simu kwa waya. Akaipa sauti ya mama jina la faili la mdogo wake. Na hapo, kwa haraka na kwa kiza cha machozi, alifanya lile ambalo kila mwaka alimfokea mwanafunzi kwa kulifanya: hakutoa nakala. Aliipeleka sauti yenyewe, ile ya asili, iliyo moja tu.

Wekundu ukatoweka. Bibi akaanza kupika.

Chumba kikajaa harufu ya vumbi linaloungua. Halafu ikaja harufu nyingine chini yake... mafuta ya nywele. Yale ya kopo la kijani, aliyokuwa akipaka mdogo wake mpaka yanachuruzika, wakimtania kwamba anakaanga kichwa. Kiti cha pembeni kililia, kama kinavyolia mtu anapokaa.

Hakugeuka. Hakuweza.

"Dada."

Sauti nzito. Ileile.

"Bee," alinong'ona, machozi yakimtiririka mpaka shingoni. "Nipo, mdogo wangu. Nipo hapa."

"Dada... umebakiza nakala?"

Alitaka kuuliza nakala ya nini. Kabla hajatamka, kiti cha pembeni kikalia tena, na ile harufu ikaanza kufifia, kidogo kidogo, ikielekea mlangoni. Kioo kikazima. Feni ikasimama. Kwenye simu yake palikuwa na faili moja jipya, filamu nzima. Ile sauti ya mama haikuwepo tena.

Alikwenda nyumbani mbio, simu kaibana kifuani. Kwa kawaida mama husikia hatua zake tangu uani akamwita kabla hajagusa mlango. Siku hiyo hakuitwa. Alimkuta palepale karibu na mlango, mikono mapajani, macho yamemtoka.

"Mama, nimeipata," alisema, akaifungua filamu.

Sauti ya kitinda mimba ilijaa chumbani, nzima, safi, kama yuko jikoni anatafuta chakula. *Huyu ni mama yangu. Mikono yake imevisha mtaa mzima.* Mama aliishika simu kwa mikono miwili, akaiweka shavuni. Akafungua mdomo kumwita mwanawe.

Ikatoka pumzi.

Akajaribu tena. Pumzi tupu. Mama na binti wakatazamana, na simu ikaendelea kuongea peke yake. Kijana alipofika mwisho wa maneno yake, sauti nyingine ikamjibu humohumo ndani ya filamu, ya mwanamke, yenye kicheko.

*Weee! Nani kakwambia mtaa mzima? Hebu sogea hapa, mwanangu, umekonda.*

Alfajiri mwalimu alikuwa chuoni. Wapakiaji walishaanza kazi. Alimkuta mzee wa stoo, akamsihi wamshushe Bibi kwenye lori, akimweleza mambo nusu nusu, huku akilia. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akapanda mwenyewe, akafungua ubavu wa mashine ile, akamwonyesha. Ndani hamkuwa na kitu. Hapana diski, hapana hata waya mmoja. Palikuwa na vumbi, na utando wa buibui.

"Vya ndani vilitolewa vyote wiki ya msiba, mwalimu," alisema kwa upole. "Mafundi waliposhindwa. Hili ni ganda."

"Basi jana niliongea na nani?"

Mzee alirudisha kifuniko, akafunga skrubu moja moja. Akashuka, na lori likaondoka.

Daktari alimulika koo la mama akasema ni zima kabisa. Huzuni hufanya hivyo, alisema, mpeni muda. Muda wamempa. Na mwalimu angeweza kuzunguka kwa waganga wote na wenye vyuma chakavu wote, lakini mama mwenyewe alimkataza. Alimshika mkono, akaionyesha simu, akatikisa kichwa. Hataki sauti yake irudishwe. Kila jioni huketi na simu sikioni, akiisikiliza sauti yake mwenyewe ikipiga soga na mwanawe, na filamu ile fupi kila siku inarefuka kidogo. Wanasengenya majirani. Wanabishana kuhusu chumvi. Mama husikiliza akitabasamu, na bintiye hupika kimya, akiwasikia wawili hao wakicheka. Anafurahi kwa ajili yake. Anaumia pia, na hakuna wa kumwambia.

Juzi alikuwa akimpelekea mama chai alipomsikia mdogo wake, ile sauti nzito, ikiuliza taratibu:

*Mama, dada hajambo?*

Alisimama na kikombe mkononi. Humo ndani ya simu sauti ya mama yake, ileile iliyomlea, iliyomfundisha kuongea, ikasema:

*Dada yupi, mwanangu?*

Mama kitini akashtuka. Simu ikamponyoka. Akamvuta binti yake kwa mikono miwili, chai ikamwagika sakafuni, akamshika uso, akawa anafungua mdomo na kuufunga, anafungua na kuufunga, akilitafuta jina lake.