Kisu cha Mzee Telesphori

Mzee Telesphori wa Masumbwe alikuwa na ng'ombe saba, na aliwakamua kwa mkono wake mwenyewe. Wiki ile alishindwa. Jipu lilimwota kwenye kiganja cha kulia, likavimba kama yai. Ikabidi mkewe, Febronia, akamue.

"Twende zahanati, Baba Rosemary," Febronia alimwambia. "Utaupoteza mkono huo."

Mzee akakubali. Lakini kwanza alichukua kisu chake cha kuhasia madume, akakisugua kwa majivu mpaka kikang'aa.

"Shikamoo, mzee," alisema tabibu Violeth walipofika zahanati.

"Marahaba, binti yangu. Vyuma vyenu vimepita kwa watu wengi. Nimekuja na changu. Hebu jitazame humo!"

Violeth alijitazama, akacheka. "Najiona vizuri. Ila vijidudu sivioni, maana ni vidogo mno. Kitu kinaweza kung'aa na bado kina vijidudu."

Akafungua furushi la vifaa na kulitandaza. Mzee alipouona mkasi, mkono wa kushoto ulitangulia kabla ya akili. Akauchukua, akapima makali kwa kidole kama afanyavyo mnadani, akaurudisha katikati ya vifaa vingine.

"Aa, mzee! Umeshaviharibu vyote!"

"Nimeharibu nini? Sijavunja kitu! Na mikono nimenawa!"

"Kunawa hakumalizi vijidudu vyote. Vikiingia kwenye kidonda, mkono utaoza. Na hii ilikuwa seti ya mwisho. Tusubiri."

Mkono ulikuwa ukimpwita. Violeth alisugua vifaa kwa brashi na sabuni, hasa kwenye maungio. Akavifunga upya kwa kitambaa na utepe, akavitia katika chungu kikubwa cha chuma, akakaza mfuniko, akakibandika motoni.

"Mvuke wa humu ni mkali kuliko maji yanayochemka," alieleza. "Unaua vijidudu vyote."

"Saa nzima kwa kugusa kwa kidole kimoja tu!" mzee alinung'unika.

Violeth akamgeukia Febronia. "Mama, kibuyu cha maziwa ukikisuuza kwa maji tu, ukatia maziwa mapya?"

"Yanaharibika. Lazima nikisugue, nikifukize moshi."

"Lakini kwa macho kilikuwa safi?"

"Safi kabisa!"

Mzee akakitazama kisu chake. Kibuyu alikijua tangu utotoni.

Furushi lilipotoka, Violeth alilikagua. Lilikuwa kavu, halikuchanika, na mistari ya utepe ilikuwa imegeuka myeusi. "Ikiwa myeusi, ujue mvuke umefika," alisema.

Safari hii mzee aliukalia mkono wake wa kushoto.

"Ukiuchomoa nakufunga kamba kama dume," Febronia alimwonya.

Jipu likapasuliwa, usaha ukatoka, mkono ukafungwa bandeji. Baada ya majuma matatu mzee alikuwa zizini, anakamua kwa mkono wa kulia.

Jirani yake Cornel akaja. "Mwangaluka, mzee. Leo nahasi madume. Nimeleta kisu, tazama kinavyong'aa!"

"Kung'aa ndiyo nini? Umekichemsha?"

"Kisu nikichemshe? Kwani ni kiazi?"

"Dakika ishirini, maji yakitokota! Mama Rosemary, bandika sufuria!"

Kisu kilichemka, maji yakamwagwa. Kilipopoa, Cornel akanyoosha kidole apime makali.

"Usiguse!" mzee alipaza sauti, hata ng'ombe akarusha teke, lakini kidole kilikuwa kimeshagusa.

Febronia alicheka mpaka akaketi chini. "Haya," alisema, "rudisha sufuria jikoni. Tuanze upya."