Mkwe wa Ghorofa ya Tatu

"Basi tumeridhiana," alisema Hajj Metwalli, akafunua viganja vyake. "Tusome Fatiha."

Mzee Buazza alikuwa akimimina chai ya mnanaa kutoka juu, kama wafanyavyo watu wa kwao Khouribga, Moroko. Mkono wake ulisimama hewani. Akaishusha birika taratibu.

"Tusome nini, Hajj?"

"Fatiha, ndugu yangu. Ya watoto wetu."

"Hapa? Leo? Bila kadhi, bila karatasi?"

"Karatasi za nini kati ya waungwana?"

Ghizlan, binti anayeposwa, alikuwa ameketi kando ya mama yake na sahani ya vileja mapajani. Alijua papo hapo kosa lilipo, na akajua pia kwamba amechelewa. Kwa Wamisri kama Hajj, Fatiha ya siku ya posa ni ahadi tu. Huisoma ili majirani wajue kwamba binti ana mchumba. Katika kijiji cha baba yake huko Moroko, Fatiha ikisomwa mbele ya mashahidi, ndoa imefungwa, na bibi harusi anabebewa masanduku yake. Kwa mwaka mzima Ghizlan alikuwa akiwalinganisha Wamoroko na Wamisri wa Torino, Italia, kwa ajili ya taasisi ya utafiti. Alijua nani ana biashara, nani ana kazi ya kudumu na watoto wa nani wanamaliza shule. Hakukumbuka kuwaonya wazazi wake juu ya sura moja ya aya saba.

"Kwa kuwa una mikahawa ya piza," alisema Buazza, "unadhani binti yangu anachukuliwa barabarani kama abiria?"

Tamer, mchumba mwenyewe, alifungua mdomo aeleze. Baba yake akamtangulia.

"Mikahawa hiyo nimeijenga kwa mikono yangu, Mzee Buazza. Mwanangu hajapigiwa filimbi kiwandani ili apewe ruhusa ya kula."

"Kweli. Mimi nimepigiwa. Lakini mke wangu anajieleza mwenyewe kwa daktari, tena kwa Kiitalia, na binti zangu wote wamesoma. Mkeo, je, analijua jina la mtaa anaokaa?"

Watu wote wakamtazama Sabah, mama yake Tamer. Sabah akayatazama mazulia.

"Mke wangu hakosi kitu," alisema Hajj, na sauti yake sasa ilikuwa imepanda. "Na mkwe wangu hatakosa kitu. Ghorofa yake ya tatu iko tayari kijijini kwetu Misri, marumaru mpaka jikoni. Sabah anarudi mwezi ujao kuipaka rangi. Ghizlan atakaa pale kama malkia, na Tamer atamfuata kila majira ya joto."

Ghizlan aliiweka sahani mezani. Alimtazama Tamer. Tamer alikuwa ameinamisha kichwa kama mama yake.

"Mlango ni ule," alisema Buazza.

Ujumbe wa kwanza uliingia kabla vikombe havijaondolewa.

"Ghizlan, nisamehe. Nilikuwa natafuta siku nzuri ya kukuambia."

Akajibu: "Siku nzuri ilikuwa ile ya kwanza."

Siku ya kwanza yenyewe aliikumbuka vizuri. Aliingia mkahawani na dodoso lake, saa ambazo wateja hawajafika, akamkuta Tamer anazungusha donge la unga hewani. Kwa wiki kadhaa alikuwa amewahoji Wamisri, nao walikuwa wakimstaajabisha. Mtu anafika na begi moja, anaosha vyombo, anajifunza tanuri kwa kulitazama, na baada ya miaka jina lake liko juu ya mlango. Kisha anamleta binamu yake, naye anaanzia kwenye vyombo. Wamoroko wenzake nao aliwaheshimu upya alipowaona kwa jicho la kazi. Kina mama walikuwa wakitoka alfajiri kwenda kuwatunza wazee wa Kiitalia, na jioni wakiketi na watoto wao kwenye hesabu. Mabinti walikuwa wauguzi na wahasibu, hata pale baba alipopoteza kazi kiwanda kilipofungwa. Wamisri walikuwa na milango yenye majina yao. Wamoroko walikuwa na familia nzima ndani ya mlango.

Swali la mwisho liliuliza kama mhojiwa anajiona ana hali njema. Tamer alilitafakari.

"Andika kwamba nina tanuri nzuri," alisema, "na sina mtu wa kula naye."

Ghizlan alirudi kesho yake bila dodoso.

Sasa alimpigia.

"Hiyo ghorofa ilianza kujengwa lini?"

"Nikiwa shule ya msingi. Kwetu kila mtoto wa kiume anajengewa yake. Ya kwanza ni ya wazee, ya pili ya kaka yangu."

"Na mke wa kaka yako yuko wapi?"

Tamer akaanza kumweleza habari ya marumaru.

"Tamer. Mke wa kaka yako yuko wapi?"

"Ghorofa ya pili."

"Na kaka yako?"

"Yuko hapa mkahawani, jikoni. Anakanda unga."

Ghizlan alivuta pumzi.

"Mimi si sahani ya kupangwa kabatini juu ya sahani nyingine. Nina kazi yangu hapa, na wazazi wangu wako hapa. Ningekuwa nakupenda kidogo ningekubali, maana ningeweza kuishi bila kukuona. Lakini siwezi."

"Nitafanya nini? Mzee ameweka umri wake kwenye ile nyumba."

"Sikuambii umkosee baba yako. Nakuambia umweleze mbele yake, kwa mdomo wako mwenyewe, mke wako atakaa wapi. Usipoweza, usinitafute tena."

Akakata simu, akalia kidogo, kisha akaenda jikoni kuwaeleza wazazi wake habari ya Fatiha ya Wamisri.

Ilionekana mama yake, Rkia, alikwisha kuieleza. Aliijua kutoka kwenye tamthilia za Kimisri, ambazo hakuwahi kuzikosa tangu ujana wake.

"Kwa hiyo hawakukusudia kukuibia mtu," alimwambia mumewe. "Umemfukuza mgeni na chai yake haijapoa."

Buazza alikuwa akikata mkate.

"Mimi nilimwoa mama yako kwa Fatiha tu," alimwambia Ghizlan. "Sote tulifanya hivyo. Nilipotaka kumleta Italia, ofisi ikaniuliza cheti. Mama yako akabaki na wewe mgongoni, akipanda basi kwenda mahakamani kuthibitisha kwamba ni mke wangu. Ulianza kutembea mimi sipo. Leo niliposikia neno lile, nilikuona wewe na mtoto mgongoni."

"Hakimu aliniuliza nani alishuhudia," alisema Rkia. "Nikamwambia kijiji kizima, isipokuwa kondoo. Huyo tulimla."

Buazza alicheka, lakini Ghizlan alimwona akijifuta macho kwa mkono wenye unga wa mkate.

Jumapili mchana kengele ya mlango ililia. Alikuwa Sabah, peke yake, na kilemba kimepinda kwa upepo.

"Nani amekuleta?" aliuliza Rkia.

"Tramu."

Tangu aletwe Torino mwaka uliopita, Sabah hakuwahi kuvuka mji bila mume au mwana. Alieleza kwamba siku ya posa alikuwa ametazama njia dirishani mwa gari: soko la Porta Palazzo, kanisa, kisha duka la mikate lenye kioo kilichopasuka.

"Mume wako aliuliza kama nalijua jina la mtaa ninaokaa," alimwambia Rkia. "Silijui. Lakini huu wenu nimeujua."

Rkia alimvuta ndani kwa mikono miwili. Kwa kuwa Kiarabu chake cha Kimoroko hakieleweki Misri, akaanza kumkaribisha kwa Kimisri cha kwenye tamthilia, na Sabah akacheka mpaka akajishika ubavu.

"Dada yangu, unaongea kama binti wa pasha, bwana mkubwa wa zamani. Nimekuja kwa mkeka, wewe umenitandikia kasri."

Chai ilipokwisha kumiminwa, Sabah alimgeukia Ghizlan.

"Mwanangu, ghorofa ile ni nzuri, sitakudanganya. Inapata upepo wa mashambani. Kila mwaka nilipaka rangi vyumba ambamo hajalala mtu. Hajj alikuwa akija mwezi mmoja, Tamer anajificha nyuma yangu na kumwita mjomba. Akizoea kumwita baba, ndege ya kumrudisha imefika."

"Na Hajj?" Ghizlan aliuliza. "Yeye aliona sawa?"

"Hajj si mtu mbaya. Aliosha vyombo vya watu ili mimi nisioshe vya mtu. Alikula wima jikoni ili sisi tule tumekaa. Nampenda kwa hilo. Ila alidhani mke anapungukiwa nyumba tu." Akanywa chai. "Nami sikumwambia. Nilinyamaza hata pale kwenu, mwanangu, na nimeshindwa kulala. Nipelekeni kwake mkahawani leo. Nikingoja kesho, nitanyamaza tena."

Mkahawa ulikuwa haujafunguliwa. Walipofika mlangoni, Ghizlan na Rkia na Sabah katikati yao, walisikia sauti ya Tamer. Ilikuwa ikitetemeka, lakini haikukatika.

"Nakushukuru kwa kila tofali, baba. Lakini mke wangu atakaa ninapokaa mimi. Kama Ghizlan hanitaki tena, basi hata mwingine atakayenikubali atakaa ninapokaa mimi."

Hajj alikuwa mbele ya meza ya unga. Hakugeuka.

"Kwa hiyo nimejenga bure."

"Hukujenga bure," alisema Sabah.

Sasa aligeuka. Alimtazama mkewe, kisha akatazama nyuma yake kama anayetafuta mtu aliyemleta.

"Mama Tamer? Umefikaje hapa?"

"Kama watu wote wanavyofika. Nisikilize, Hajj. Umetulisha, umetuvisha, umetupeleka Makka. Hakuna mwanamke kijijini aliyekuwa na mume kama wewe, na hakuna aliyemwona mume wake kidogo kama mimi. Nyumba yako naipenda. Lakini usimrithishe huyu binti kungoja kwangu."

Jikoni kaka yake Tamer aliacha kukanda. Hajj alijifuta mikono polepole, kidole baada ya kidole.

"Mbona hukusema miaka yote hii?"

"Ulikuwa unakuja mwezi mmoja. Nani anaanza ugomvi kwa mgeni?"

Hajj aliketi. Ghizlan alimwona, kwa mara ya kwanza, kama mzee aliyechoka, mwenye makovu ya tanuri mpaka kwenye viwiko. Hakuweza kumchukia. Mtu huyu alikuwa amejenga ghorofa tatu katika nchi ambayo hakuwa na nafasi ya kuishi ndani yake.

"Na ghorofa ya tatu nimpe nani?" aliuliza hatimaye. "Njiwa?"

"Mpe Nagwa," alisema Sabah.

Nagwa alikuwa binti yao wa pekee. Alikuwa ameachika, akiishi na watoto wake katika chumba cha kupanga mjini Tanta, karibu na kijiji chao.

"Kwetu binti hajengewi."

"Hujamjengea. Umejenga, naye anahitaji."

Hajj alitikisa kichwa, na mdomo wake ukaanza kucheka bila idhini yake.

"Haya. Na wewe utarudi kumpakia rangi?"

"Nagwa ana mikono. Mimi kesho naenda na Bi Rkia kwenye darasa la Kiitalia, nikajifunze kuuliza njia."

Hapo ndipo Tamer alipomtazama Ghizlan. Macho yake yaliuliza. Ghizlan alimsogelea, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba ana unga kwenye nyusi.

"Je, unanitaka?" aliuliza Tamer.

"Umechelewa siku mbili. Lakini umesema mwenyewe, tena kabla hujajua kwamba nasikia. Nakutaka."

Hajj alivua aproni, akaondoka hivyo hivyo, mikono ya shati imejaa unga, akamwendea Mzee Buazza. Wanawake walifuata nyuma. Buazza alifungua mlango, wakatazamana, na hakuna aliyejua aanze vipi. Alianza mwenye nyumba.

"Hajj, nilikuonea wivu. Nimefanya kazi maisha yangu yote kwenye kiwanda cha mtu. Kilipofungwa sikutoka na hata msumari. Wewe jina lako limeandikwa juu ya mlango."

"Nami nilikuonea wivu," alisema Hajj. "Watoto wako wanakukatiza unapozungumza. Wangu wananyamaza nikiingia. Nilidhani ni heshima. Kumbe hawanijui."

Buazza alimshika mkono, akamwingiza ndani. Usiku huo hawakusoma kitu wala kuahidi kitu. Walikula kuskusi kwa sahani moja, na Ghizlan alimkatiza baba yake mara kadhaa, na kila mara Hajj alitabasamu.

Ndoa ilifungwa kwa kadhi na kwa karatasi zote, kisha sherehe ikafanyika ukumbini, katika mtaa wa Barriera di Milano. Wamoroko walitaka bibi harusi abebwe juu ya kiti cha fedha. Wamisri walitaka aingie na matarumbeta. Wakakubaliana kufanya yote mawili kwa pamoja, na wapishi wa piza wakapewa kazi ya kubeba.

"Shikeni vizuri," aliwaambia Rkia. "Huyo si donge. Mkimrusha, hamna wa kumdaka."

Kina mama wa Khouribga walipiga vigelegele, na wa Tanta wakajibu kwa virefu zaidi. Hakuna aliyeweza kusema upande gani ulikuwa na hali njema kuliko mwingine, na kwa jioni ile hata mtafiti hakuuliza.

Baadaye Tamer alifungua mlango wa nyumba yao, vyumba viwili juu ya duka la viatu. Ndani mlikuwa na kitanda, meza na kiti kimoja tu.

"Vingine vitakuja taratibu," alisema kwa aibu. "Sikutaka baba atununulie."

Ghizlan alizunguka meza, bado amevaa kaftani yake.

"Na kiti hiki ni cha nani?"

"Cha yule atakayerudi kazini amechoka zaidi."

"Basi tutagombana kila siku."

"Tutagombana," alisema Tamer, akafunga mlango. "Lakini tutakuwa wote humu ndani."