Koleo la Bei Chee

Gurudumu la mbele lilichomoka pikapu ikishuka kwenye korongo kavu, na kabla fundi hajasema lolote gari lilikuwa limelala ubavu, vioo vimemwagika, vumbi limejaa mdomoni. Fundi alijivuta nje kupitia dirishani. Shemeji yake, mdogo wa mkewe na mtunza stoo wa kampuni ya visima, alibaki ndani akining'inia kwenye mkanda uliogoma kufunguka. Petroli ilinuka.

"Shem, kata mkanda!"

"Kwa kitu gani?"

"Kwa hicho kitu chako!"

Kitu chenyewe kilikuwa koleo dogo la kukunja, ambalo mipini yake imeficha kisu, msumeno, tupa na bisibisi. Liliuzwa bei chee, na shemeji alitaka kila fundi wa kampuni apewe moja. Asubuhi ile alikuwa amelipeleka kwa shemeji yake, fundi mkuu, alikague. Fundi alilipima kiganjani, akaligonga kwenye bomba na kusikiliza mlio, akatikisa kiungo chake. "La kufungulia soda hili," akasema. "Rahisi inavunja upishi, shem." Shemeji akacheka, akalitia mfukoni.

Sasa mkanda ulikatika kwa mikato minne. Shemeji akaanguka juu ya mlango, kifundo cha mguu kikapinda, akatoka akitambaa, kipande cha mkanda kikimning'inia begani.

Kipande cha kioo kilikuwa kimezama kwenye mkono wa kulia wa fundi. Shemeji alikikamata kwa ncha za koleo na kukivuta polepole. Fundi ni fundi: huku ameuma meno kwa maumivu, aliona kwamba zile ncha zinakutana sawasawa, haupiti hata unywele. Shemeji akamfunga jeraha kwa mtandio wake.

"Maji?" akauliza.

"Chupa imepasuka."

"Na dumu?"

Dumu halikuwepo. Mafundi wa visima wana majivuno yao ya kijinga: anayekwenda kutoa maji ardhini habebi maji. Akionekana na dumu, wenzake watamcheka mpaka mwezi uishe. Sanduku la vifaa nalo lilikuwa kwenye lori, pamoja na mabomba, kilomita nyingi mbele yao. Wenye lori wasingeanza kuwatafuta hadi kesho.

"Kuna pampu nyuma ya kile kilima," fundi akasema. "Niliifunga mwenyewe, kabla watu wa huku hawajahama. Jua likae shavu la kushoto, tutafika."

"Mwendo wa saa ngapi?"

"Tatu. Kwa mguu wako, nne."

Shemeji alikata fimbo kwa ule msumeno mdogo, nao ukang'oka meno matatu kwenye mti wa kwanza tu. "Si nilisema!" fundi akafoka, akifurahi kidogo hata katika hali ile. Wakaenda. Mawe yalikuwa ya moto, upepo ulibeba mchanga, na kila walipopanda tuta waliona tuta jingine. Katika saa ya tatu ya mwendo fundi aligusa shingo ya shemeji yake akaikuta kavu. Alikuwa ameacha kutoka jasho, na anaongea maneno yasiyoshikana. Hapo fundi aliogopa kikweli. Angerudi nyumbani na kumwambia mkewe nini? Akamshika kiuno kwa mkono mzima, wakawa wanajikongoja watu wawili kwa miguu mitatu.

Pampu ilikuwepo. Fundi akavuta mpini wake, ukacheza bila uzito wowote.

"Kuna kitu kimeachana ndani. Tufungue kichwa."

Alimketisha kwenye kivuli cha kilima mpaka akili zikamrudia, kisha akamwita, maana mkono wake wa kulia haukuweza hata kufumba. Nati ilikuwa imeganda kwa kutu. Shemeji aliisugua kwa tupa, akaibana kwa koleo kwa mikono miwili, akaegemea kwa mwili mzima. Koleo likateleza, likamchuna vidole. Akarudia. Mara ya tano nati ikalia, ikazunguka.

Ndani, boliti iliyounganisha mnyororo wa mpini na nondo ishukayo kisimani haikuwepo. Wezi walikuwa wameichukua, na mwenye huruma fulani akaifunga nondo kwa waya isizame. Shemeji alijaribu bisibisi kwenye tundu, ikalegea. Akajaribu tupa, ikaingia kwa kubana.

"Ikivunjika?"

"Nondo itazama. Mita arobaini. Hatutaipata."

"Basi sema wewe. Nitie au nisitie?"

Fundi alitazama midomo ya shemeji yake iliyopasuka. "Igonge kwenye chuma," akasema. Shemeji akagonga. Ulitoka mlio safi, uliochelewa kufa.

"Asubuhi pia ulilia hivyo," fundi akasema kwa sauti ndogo. "Niliusikia, shem. Kilichonikera ni bei. Nisamehe. Tia."

Shemeji alipenyeza tupa, akalifunga koleo lote kwenye mnyororo kwa kipande cha ule mkanda wa gari, akakata waya. Nondo ikashuka kidogo, ikakaa. Wakashika mpini pamoja. Walipampu mara ishirini, mara hamsini, chuma kikilalamika kila mshuko, wala hakuna kilichotoka ila hewa ya kutu. Ndipo mpini ukawa mzito. Maji yakaja mekundu, kisha meupe. Fundi alimkingia shemeji yake maji kwa kiganja, akamnywesha kidogo kidogo kama mtoto, akilia waziwazi. Na koleo halikukatika jioni ile, wala asubuhi yake.

Kabla ya adhuhuri lori lilifika likifuata nyayo zao. Dereva alinywa, akachungulia ndani ya kichwa cha pampu, akaguna. Tupa ilikuwa imepinda katikati, lakini ilikuwa imeshika.

"Mwenye akili hii nani?" akauliza. "Hii itakuwa kazi yako, Fundi."

Kwa miaka ishirini fundi mkuu hakuwahi kukataa sifa.

"Muulize fundi mwenyewe," akajibu, akamwonyesha shemeji yake.

Shemeji aliitazama mikono yake iliyochubuka, kisha akaenda kwenye lori kutafuta boliti ya kushika nafasi ya tupa.