Breki za Pikapu ya Bartholomayo

Pedeli ya breki ilishuka mpaka chini, laini kama ndizi mbivu, na fundi Ildefons alipoondoa mguu ikapanda polepole, kama kifua cha mtu aliyelala.

"Umeona?" Avit alifoka. "Mafundi wawili wa Bukoba wameshindwa. Wababaishaji tu! Na wewe usinipotezee muda."

Pikapu ilikuwa ya baba yake, Bartholomayo Kamala, aliyezikwa mwezi uliopita katika kibanja chake hapo Kamachumu, kati ya migomba, karibu na baba yake na babu yake. Avit, mtoto wake wa kwanza, alitaka kukiuza kibanja hicho, makaburi yakiwemo. Mama yake, Kokushubila, alikataa. Siku hiyo Avit alikuwa akimpeleka Muleba aonane na mnunuzi, na mama alikaa kwenye kiti cha abiria amempa mwanawe kisogo.

"Huyo mnunuzi nitamwambia kama ninavyokwambia wewe," alisema. "Nyumba ya mume wangu haiuzwi yeye akiwa ndani."

"Marehemu hali ndizi, mama."

"Wewe ndiye unayekula mpaka makaburi."

Mvua ya mchana ilipiga bati la gereji. Ildefons alitazama chupa ya oili ya breki. Imepungua. Akajilaza chini ya gari. Hakuna tone. Akaibana kwa koleo mipira yote inayopeleka oili magurudumuni, akarudi garini, akakanyaga. Pedeli ikawa ngumu kama jiwe. Basi masta silinda, pampu inayosukuma oili, ilikuwa nzima, na presha ilipotelea kwenye gurudumu fulani. Akaachia mpira wa mbele kulia, kisha wa mbele kushoto, na pedeli haikutikisika. Akaachia wa nyuma. Ikazama.

Alifungua dramu ya breki ya gurudumu la nyuma kushoto akitegemea kukuta mpira wa ndani umeliwa na oili imetapakaa. Ndani palikuwa pakavu. Harufu iliyotoka haikuwa ya oili; ilikuwa ya orubisi, pombe ya ndizi iliyochacha, pamoja na udongo mbichi. Kisha, ndani ya bomba jembamba la breki, mtu akaanza kufyonza, kama mzee anavyofyonza pombe kwa mrija kutoka kwenye kibuyu. Akavuta mara mbili, akapumzika, akakohoa.

Kokushubila aliteremka garini.

"Mama, umesikia?" Ildefons alinong'ona.

"Ndivyo alivyokunywa," alijibu kwa sauti ya chini. "Bartholomayo. Na hivyo ndivyo alivyokohoa akikasirika."

"Upuuzi!" Avit alipiga boneti kwa ngumi. "Ni hewa hiyo! Fundi, toa hewa, funga gurudumu, niondoke!"

Ildefons alitupa spana chini. "Mteremko wote ule wa kwenda Muleba, na mama yako ndani? Unataka nikusaidie kumuua? Gari hili halitoki hapa!"

"Ni lako?"

"Wala si lako! Matanga hayajaisha, mrithi hajatajwa, wewe umeshika usukani!"

Avit alimsukuma, akaingia, akafunga mlango, akakanyaga breki aijaribu mwenyewe. Pedeli ikasimama imara. Akacheka. "Mnaona? Imepona yenyewe!"

Kicheko kilikatika katikati. Alijaribu kuinua mguu na mguu haukuinuka, akalishika goti kwa mikono miwili na kuvuta mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, na wakati huo huo pedeli ikaanza kushuka tena, taratibu, bila yeye kuikanyaga, ikafika kwenye bati la sakafu pale ambapo kila pedeli hugota, nayo haikugota, ikaendelea kushuka, na kiatu kikazama, na kifundo cha mguu kikazama, huku Ildefons aliyechungulia chini ya gari akiona bati zima, kavu, lisilo na tundu wala mguu.

"Tata!" Avit alilia, akimwita baba yake. "Tata, siuzi! Siuzi tena!"

Pedeli ikasimama. Ufyonzaji nao ukanyamaza, kama mtu aliyetega sikio.

Kokushubila alipenyeza mkono dirishani, akamshika mwanawe begani. "Basi mpigie simu mnunuzi. Mwambie sasa hivi, baba yako asikie."

Avit hakuigusa simu.

"Mpigie, nasema!"

"Mama," alisema, "hayuko Muleba. Nilitaka tu usiwepo nyumbani. Watu wake wako kibanjani tangu asubuhi. Wanafukua makaburi."

Kokushubila akauondoa mkono wake begani mwa mwanawe, akarudi nyuma hatua moja, na pedeli ikaendelea kushuka.